Nyumba Isiyo na Mbu

Katikati ya miaka ya tisini, simu za Ifakara zilikatika mtu akiwa bado anasalimia, lakini ofisi yetu ya utafiti ilizungumza kila siku na kompyuta kubwa kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Ilikaa Ulaya, katika chumba chake chenye baridi, na bosi wetu alituambia kwamba inakula umeme kuliko mji wetu mzima. Sikubisha. Siku hizo hata pasi ya mtu mmoja ingeweza kula umeme kuliko mji wetu mzima.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mbu. Niliajiriwa kwa cheti cha kidato cha nne na macho mazuri. Alfajiri nilipanda baiskeli kwenda Katindiuka kukusanya mitego: taa ndogo ya betri iliyoning'inizwa karibu na kitanda, feni ndogo ya kuwavuta mbu, na chini yake kikombe cha wavu cha kuwashika. Saa nne nilikuwa mezani, nikitenganisha mbu wanaoleta malaria na wale wa kelele tu. Saa sita kompyuta yetu ndogo ilizituma namba kwa redio, ikilia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Saa kumi, Mungu akipenda, jibu lilirudi: kesho tegeni nyumba hii, acheni ile.

Bosi alikuwa Mtanzania mwenzetu aliyerudi kutoka masomoni. Watu walimwita Daktari, wakamwonyesha majipu yao, naye baada ya kueleza mara nyingi kwamba yeye ni daktari wa namba, alichoka akawa anayatazama tu. Alituambia kwamba zamani watafiti walihesabu mbu miaka mitatu, wakaondoka kwenda kupiga hesabu, na majibu yalipofika wale mbu walikuwa wameshapata vitukuu. Sasa jaribio na hesabu vitatembea pamoja. Vyandarua vyenye dawa vilikuwa vichache, kwa hiyo kabla ya masika mashine ingetaja safu za nyumba zenye mbu wengi, na hizo ndizo zingepewa kwanza.

Nyumba namba kumi na saba ilikuwa ya bibi mmoja wa Kipogoro, mtu wa upande wa Mahenge. Aliishi na mjukuu wake wa kike wa miaka mitatu hivi, kwa sababu mama wa mtoto alikuwa ng'ambo ya mto akilima mpunga. Yule mtoto alipenda kengele ya baiskeli yangu. Nikiigonga tangu kona, alitoka mbio mpaka njiani, ilimradi hana homa. Zikipita wiki mbili bila homa, bibi alisali rozari ya shukrani.

Na kila ulipotegwa, mtego wa nyumba ile ulikuwa mtupu. Sifuri. Nyumba ya jirani, sifuri. Safu nzima, ila mara moja tu, sifuri, na mabonde ya mpunga yapo hatua chache nyuma ya choo. Siku ya kwanza kabisa, nilipofungua kikombe, kilinuka kivumbasi kilichochomwa, yale majani ya kufukuzia mbu. Fomu iliuliza mbu wangapi, haikuuliza kikombe kinanuka nini. Nikaandika sifuri.

Jumanne moja jibu likaja: safu ile haina mbu, ondoeni mitego, na kwenye orodha ya vyandarua isiwemo. Orodha ingefungwa Ijumaa.

Asubuhi yake nilikwenda kuuondoa mtego.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unachukua taa yangu?"

"Wakubwa wamesema nyumba yako haina mbu."

Alipiga kigelegele, kwa kweli alipiga. Akanieleza bila kuficha. Siku ya mtego, kabla jua halijazama, alifagia, akapiga sakafu udongo mpya, akafunga mlango na kufukiza kivumbasi na maganda ya machungwa mpaka mtoto akakohoa. Wenzake wote walifanya hivyo. Wa namba kumi na tisa aliwahi kutoa mbu wanne, wakamcheka kisimani wiki nzima.

"Mtu anatoka ofisini kuja kuhesabu mbu wangu, halafu kweli nimpe mbu? Mimi sikulelewa?"

"Na siku ambazo hatuji?"

"Tunalala na mbu wetu. Kivumbasi cha kila siku utakitoa wapi?"

Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwambia kwamba chandarua anapewa mwenye mbu. Akamtazama mtoto aliyekuwa anaichezea kengele yangu.

"Niachie taa siku moja tu," alisema.

Nilirudi ofisini nikamweleza bosi kila kitu. Hakuwa mtu mbaya. Alijikuna kidevu, akasema, "Mashine inapokea namba, haipokei harufu. Niletee namba."

Alhamisi kikombe cha namba kumi na saba kilikuwa cheusi kwa mbu. Bibi alinipokea kwa fahari, kwa mikono miwili, kama anayenikabidhi kuku. Kamba ya mtego ilinuka banda la nguruwe, na sikuhitaji kuuliza ulilala wapi. Niliwahesabu wote, na namba nikaiandika.

Saa kumi jibu lilirudi. Namba ya leo hailingani na historia ya nyumba hii. Ni kosa, itupwe. Orodha ibaki ilivyo.

Sifuri zote zile mashine iliziamini bila swali. Bosi alilisoma jibu mara mbili, akasema angalau imeonyesha kuwa ina akili. Nilitamani kumrushia kibano changu cha kushikia mbu. Lakini hasira yangu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mimi niliyenusa kikombe siku ya kwanza nikakaa kimya.

Vyandarua vilitolewa safu nyingine, kwa hotuba. Masika yakaingia, na mtoto akashikwa na homa ya degedege. Alilazwa hospitali siku nyingi. Aliporudishwa nyumbani nilichukua chandarua cha kitandani kwangu, nikakifunga nyuma ya baiskeli, nikaenda. Tangu kona niligonga kengele. Mtoto alikuwa amekaa njiani, amenipa mgongo, anachora mchangani. Nikagonga tena, karibu kabisa. Hakugeuka.

Bibi alitoka, akanipokea mzigo, akashukuru sana. Hakusema lolote kuhusu masikio ya mtoto, nami sikuthubutu. Tulipokaa aliniuliza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeona haya kutaka sifa.

"Ile mashine ya Ulaya, ilisemaje kuhusu nyumba yangu?"

"Ilisema ni safi, bibi."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akainuka kwenda kunipikia chai.