Mtama Uliokwenda Ikulu

Baba yangu hakumwamini mtu mwenye milango mingi, na ikulu ya Mtemi wetu ilikuwa na milango mitatu: wa watu, wa ng'ombe, na mmoja wa nyuma ambao hakuna aliyetuambia ulikuwa wa nani. Tena Mtemi alikuwa amebatizwa, akajenga kikanisa cha matofali ndani ya ua uleule wenye kibanda cha mizimu ya wazee wake. Jumapili alipiga goti kwa Mungu, na siku nyingine alikula mshahara wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali. Hiyo nayo ni milango, alisema baba.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Msimu uliotangulia mtama wetu pale kijijini Ntalikwa ulikauka ukiwa umefika magotini tu, na mama alilionea aibu ghala tupu kana kwamba yeye ndiye aliyezuia mawingu. Tangu zamani kila nyumba ilipeleka mbegu kidogo ikulu kabla ya kupanda. Zilichanganywa katika ungo mmoja, zikatiwa dawa, kila mtu akarudi na gao lake. Sasa Mtemi akatangaza kwamba safari hii zitaombewa kanisani. Mama alifurahi hata akaimba.

"Dawa ni dawa tu, hata ukiitilia amina," alisema baba, naye alikuwa mzee wa kanisa. "Aliyeshika mbegu yako hai ameshika shamba lako."

Akafunga kifurushi kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba kabla ya kukifunga alizichemsha zile mbegu, akazianika mpaka zikaonekana kama hazijaguswa. Gao litakalorudi kutoka ikulu alikusudia kuwapa kuku.

Tulifuata njia ya zamani ya misafara, ambayo babu aliipita na pembe ya ndovu begani hadi pwani. Langoni, kwenye ua wa minyaa, tuliinama tukapiga makofi kama ilivyo desturi. Kikanisa kilinuka chokaa mbichi. Juu ya madhabahu, chini ya msalaba, ilitandikwa ngozi ya simba.

"Simba naye kabatizwa?" baba aliniuliza mlangoni. Kisha akanionyesha kibanda cha mizimu. "Nyasi mpya zile. Nani anaezeka nyumba isiyolala mtu?"

Mimi nimerithi pua yake ya kunusa hila. Nilikaa na mama upande wa wanawake, nikamshuku hata mzee aliyetuletea maji ya kunywa.

Maombi yalipokwisha Mtemi alisimama. "Zamani tulichanganya," alisema. "Lakini najua wapo wanaodhani nitawatilia kitu. Kila nyumba ichukue kifurushi chake, na fundo lake, kama kilivyokuja."

Wakapewa wanawake, maana ndio wapandaji. Mama alikikumbatia chetu. Upande wa pili baba alikuwa ameachama, nami nikadhani ameona kitu dirishani.

Njiani alisema, "Mama watoto, lete nikubebee."

"Hapana. Hizi nitazipanda mwenyewe, pale mbele ya nyumba, nizione kila siku."

Baba akatangulia mbele, akaongeza mwendo.

Mvua ilinyesha. Shamba zima lilichipua isipokuwa kile kipande cha mbele ya nyumba. Kila asubuhi mama alikwenda kuchokora udongo kwa kidole. Siku moja alikaa chini palepale. "Mungu amewapokea wote," alisema, "mimi amenikataa."

Nililia kwa hasira. Nikamwambia ni ikulu, ni kile kibanda, ni yule mzee na maji yake.

Baba alikuwa nyuma yetu. Akaweka jembe chini. "Nilizichemsha," alisema. "Kabla hatujaenda."

Mama alimgeukia. "Kwa hiyo Mtemi alinirudishia kilekile nilichompelekea."

"Ndiyo."

Mama akapangusa udongo kwenye kanga yake, akaingia ndani, akatoka na mbegu nyingine, akapanda palepale. Hakugomba. Lakini tangu mwaka ule hadi baba alipofariki, kila alipomletea mbegu, mama alichukua punje moja mbele yake, akaipasua kwa jino, akatazama ndani kabla ya kupokea.