Kibao Kinachoamkia

Baba alikuwa akiwaita wateja mlangoni mwa mgahawa wetu kwenye stendi ya mabasi ya Mbezi Luis, na sauti yake iliwafikia abiria wakiwa bado wanashusha mizigo. Kisha akafanyiwa upasuaji wa koo, sauti ikaondoka moja kwa moja. Niliapa maneno yake hayatapotea. Nikanunua kibao cha taa chenye maandishi yanayotembea, nikakiandikia programu, kwa lugha ya kompyuta ya JavaScript, ya kuonyesha salamu zake na majina ya vyakula.

Kikagoma. Kumbukumbu ya kichipu chake ilikuwa ndogo mno, programu haikuenea.

"Tuziondoe salamu, baba," nilimwambia. "Tubakize vyakula."

Akatikisa kichwa, akanipa mgongo. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, akanishushua: "Baba'ako hajawahi kumtajia mtu supu kabla hajamwamkia. Punguza hayo madude yako!"

Ilinichoma, maana madude hayo ndiyo fahari yangu. Mimi huandika programu kwa madaha: majina marefu, nafasi za kupumulia, maelezo kila baada ya mistari miwili. Kichipu hakijali madaha. Nikafuta maelezo yote, nikabana nafasi, na jina kama manenoYaKumkaribishaMteja likawa herufi m tu. Bado kidogo!

Nikayarudia maneno ya baba. Supu ya kuku, supu ya mbuzi, supu ya pweza. Wali nyama, wali samaki, wali maharage. Kwa nini nihifadhi supu mara tatu? Herufi q na x hazina kazi katika Kiswahili chetu, basi nikaziajiri. Kila penye "supu ya" nikaweka q, penye "wali" nikaweka x, na programu ikayarudisha maneno kamili kabla hayajafika kwenye taa. Yote yakaenea, na salamu juu! Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, chapati ikaungua, wala sikujali.

Asubuhi tukakitundika mlangoni. Baba akakaa chini yake, mikono mapajani, kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Taa zikaanza kutembea: SHIKAMOO MZEE WANGU, SHIKAMOO MAMA, KARIBUNI MPUMZIKE KWANZA. Abiria wengi wakapita tu. Kisha mzee mmoja mwenye begi begani akasimama, akasoma polepole mpaka mwisho.

"Marahaba," akakijibu kibao kwa sauti. "Hiyo supu ya pweza ipo?"

Baba akainuka akicheka bila sauti, akampokea begi.