Maji ya Samaki wa Madamu

Juzi mjukuu wangu alisahau maua ndani ya gilasi dirishani, na nilipoyatoa nikakutana na harufu ya maji yaliyolala: harufu ya majani yaliyooza, ya udongo, na ya mtungi uliosahauliwa pembeni. Nikakaa chini kwanza. Siku hizi mimi hukaa chini kwa sababu ndogo tu, magoti yamechoka, lakini safari hii hayakuwa magoti. Harufu ile ilinirudisha Kasongo, zamani za Wabelgiji, mwaka ambao sebule yetu ilikaliwa na samaki.

Baba yangu alikuwa mpishi wa Madamu, mke wa Mbelgiji aliyesimamia mashamba ya pamba. Mzungu huyo alipokuwa akizunguka vijijini upande wa Kabambare alikuwa akivua samaki wadogo vijitoni, wenye mistari na mapezi mekundu, akamletea mkewe. Madamu aliwaweka ndani ya sanduku la kioo, pamoja na mchanga, mawe na majani ya mtoni, akawapenda kuliko watu wengi. Basi ikafika zamu yao ya likizo ndefu ya Ulaya. Nyumba yao ingefungwa na kupakwa chokaa, na samaki hawakuwa na pa kwenda. Madamu akamwambia Baba awachukue kwetu. Akiwakuta hai, kazi yake ingekuwa inamngoja. Akiwakuta wamekufa, angetafutwa mpishi mwingine.

Ninyi mnaosoma leo mnaweza kucheka. Sisi hatukucheka. Wakati ule mtu asiye na kazi mjini alirudishwa kwao, na kwetu ni Lusangi, ambako pamba ya lazima ilikuwa ikimngoja kila mwenye mikono. Baba alikuwa ameiona kazi ile kwa baba yake, na hakutaka kuirudia.

Sanduku lililetwa na wanaume wanne, limefungwa kwenye miti, linayumba polepole kama mzungu mnene ndani ya tipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani. Watoto wa mtaa mzima walilifuata. Wakaliweka sebuleni, karibu na mkeka wa kuswalia wa Bibi, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine palipokuwa sawa. Pamoja nalo Madamu alimpa Baba kijitabu cha karatasi nyembamba za kupimia maji. Unachana moja, unaichovya, unangoja, halafu unalinganisha rangi yake na kadi. Ikiwa kijani kama jani changa la mhogo, maji ni mazuri. Ikigeuka nyekundu au buluu, maji yameharibika. Alimwambia pia atoe maji kidogo tu kila mara, aongeze kidogo, na maji mapya yalale kwanza ndani ya chombo kabla ya kumwagwa humo.

Kama tungemsikiliza, nisingekuwa na la kuwaandikia. Lakini nyumbani kwetu mambo ya maji yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Bibi, mama yake Baba. Bibi alikuwa mtu wa tohara, yaani usafi wa ibada. Alijua maji gani yanafaa kutawadha na gani hayafai, alijua hukumu ya kisima alichoangukia panya, na wanawake wa mtaani walikuja kumwuliza. Siku ya pili alilitazama sanduku kwa muda, akakiona kinyesi cha samaki kinaelea kama uzi, akamwita Baba.

"Haya maji hayafike kulla mbili," alisema. Kulla mbili ni kile kiasi cha maji mengi ambacho uchafu kidogo hauwezi kukiharibu. "Uchafu ikianguka mule, yote iko najisi. Na inarukia mukeka yangu."

"Mama, Madamu alisema tutoe kidogo, tuongeze kidogo."

"Madamu anaswali wapi?"

Baba akageuka. Akamtazama mama yangu. Mama akasema, "Sawa, Mama," akachukua ndoo.

Kuanzia hapo ikawa hivyo. Kila maji yalipoonekana na ukungu, yalimwagwa yote. Samaki walikaa ndani ya beseni, wakitweta, wakati Mama anasugua kioo, mchanga na mawe kwa majivu, kama tulivyosugua masufuria, mpaka mawe yakawa meupe. Kisha akateremka bondeni kwenye kijito, akapanda na ndoo kichwani, akateremka tena. Mimi nilikuwa namfuata na kopo langu, nikimwaga nusu njiani na kujisifu kwa nusu iliyobaki. Kile kilima nakijua hata leo kwa miguu: udongo mwekundu, unaoteleza, na mahali pa kupumzikia hakuna. Mama alikuwa akipumua kwa mdomo. Akifika juu alishika kiuno, akasimama kidogo, halafu akaendelea.

Maji yakijaa yalimeta kabisa. Ungeweza kusoma msahafu upande wa pili. Bibi aliridhika. Baba akachana karatasi, akachovya, na karatasi ikawa buluu kama shati la karani.

"Haya maji iko mubaya," Baba alisema, uso umemshuka.

"Mubaya namna gani, na iko inang'aa?" Bibi akauliza.

Asubuhi samaki mmoja alikuwa juu, ubavu wazi. Bibi akasema hii ni kwa sababu mawe hayakusuguliwa vizuri. Baba, ambaye aliiamini karatasi kuliko macho yake, akasema lazima kubadilisha tena. Kwa mara ya kwanza mtu wa dini na mtu wa karatasi walikubaliana, na makubaliano yao yakaangukia kichwa cha Mama. Majivu tena, bondeni tena. Karatasi tena buluu. Samaki mwingine akafa, halafu wengine wawili kwa pamoja. Baba alianza kuongea usingizini mchana, kwenye kiti, akitaja pamba. Hakuna aliyekuwa mkali kwa mwenzake, sote tulikuwa tumechoka tu, uchovu ule wa kuosha kitu ambacho kila ukikiosha kinakufa zaidi.

Halafu Mama akaugua. Ilikuwa asubuhi, alikuwa ametoka bondeni, akaiweka ndoo mlangoni bila kuifikisha ndani. Aliingia chumbani akiushika ukuta. Wanawake wawili wa jirani waliitwa, pazia likashushwa, na mimi niliambiwa Mama ana homa, nikacheze nje. Bibi alikaa naye ndani kutwa, siku baada ya siku. Baba alikuwa akipika uji mwenyewe, yeye aliyekuwa akiwapikia Wazungu, na alikuwa akiuunguza.

Maji hayakubadilishwa. Hapakuwa na mtu wa kuyateka, wala wa kusugua mawe kwa majivu. Yakaanza kuwa na ukungu, kisha ukungu ukatulia, na kwenye mawe yale meupe ikaota ngozi laini ya kijani. Ile harufu ya maji yaliyolala ikaijaza sebule. Baba alikuwa akichovya karatasi zake kila siku kama mtu anayengoja hukumu, na siku moja aliniita, akainyoosha ile karatasi kwenye mwanga wa mlango. Haikuwa buluu sana. Siku zilizofuata ilizidi kuwa kijani, mpaka ikafanana na kadi. Samaki waliobaki walitoka nyuma ya mawe, wakaja juu, wakala makombo ya wali mkononi mwangu.

Mama alipoamka kitandani, mwembamba, Bibi hakusema tena habari ya kulla. Aliuhamishia mkeka wake chumbani, akawa anaswali huko, na sanduku likaachwa, likitolewa maji kidogo na kuongezwa kidogo, maji ambayo Baba aliyateka mwenyewe. Nilidhani samaki ndio waliomshinda Bibi kwa hoja.

Madamu aliporudi aliinama mbele ya kioo, akayagusa majani, akacheka kwa furaha. Alimwuliza Baba ni nani aliyeyatunza maji vizuri namna ile. "Ni mimi, Madamu," Baba akajibu. Kazi ikabaki. Hatukurudi Lusangi, na mimi nikasoma shule mjini, ndiyo maana naweza kuwaandikia haya.

Miaka ikapita, nikaolewa Kabambare. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza Mama aliponitembelea, akanikuta njiani na ndoo kichwani. Aliniteremshia ile ndoo bila salamu, akaimwaga yote barabarani. Nilipomwuliza kuna nini, aliniambia akiwa amesimama palepale kwenye tope.

"Ile homa ya mwaka wa samaki haikuwa homa. Nilikuwa na mimba, ikatoka. Alikuwa mutoto mwanaume. Bibi yako ndio alimuosha, akamuzika nyuma ya nyumba."

Akasema pia kwamba baada ya yule hakushika mimba tena. Hilo nililijua, kwamba nilikuwa peke yangu, ila sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilitaka kumkasirikia mtu, Bibi, Baba, Madamu, na hata sasa nikijaribu nakuta hasira yangu nayo imechoka. Kinachoniuma ni kingine. Zile siku alizolala nyuma ya pazia zilikuwa siku za furaha kubwa ya utoto wangu. Nilikuwa nikimkimbilia, nikilifunua pazia na mikono inayonuka maji, nikimwambia, Mama, samaki wamekula, Mama, hakuna aliyekufa leo. Nilimwambia asubuhi, nikamwambia jioni, na kila mara aliugeuza uso wake kutoka ukutani, akanitazama, akanijibu, "Vizuri, mwanangu."