Cheo cha Babu Kaburini

Bibi hajui kusoma, ila kwa miaka thelathini amewasomea watu kaburi la mumewe. Zile herufi M.M.C. chini ya jina, kila mgeni aliambiwa ni cheo alichopewa marehemu vitani kwa kuvusha mizinga miwili mtoni, mgongoni.

Sasa mjukuu wake mwalimu ameandika kitabu cha ukoo, na kesho kinakwenda kuchapishwa. Cheo kimo ukurasa wa kwanza. Bibi akapiga moyo konde, akamvuta hadi makaburini.

"Mjukuu wangu, kifute hicho cheo. Fundi aliniuliza tuweke nini chini ya jina. Nikaona jiwe la jirani lina herufi za kupendeza, nikamwambia aweke hizo hizo. Maana yake hata sikuuliza."

Mjukuu akainamia jiwe la jirani. Pale amelala mama mmoja, na ubavuni mwa jiwe kazi yake imeandikwa kwa kirefu.

"Bibi, hii M.M.C. ni Mkunga Mwenye Cheti."

Bibi akajishika kiuno. "Na babu yako, nilipojifungua mama yako, alijificha stoo."

"Sasa niandikeje?"

"Andika hivyo hivyo ilivyotokea. Na useme mjinga ni mimi, marehemu hakuulizwa."