Nilisoma Hadithi, Nikamjengesha Mwenzangu Mchangani

Nimekosa mimi, na msinitafutie mwingine wa kumbebesha! Mimi ni bibi wa Ujiji, mwanika dagaa. Shule yangu ni ngumbaru, lakini kusoma nasoma, kwa kidole na miwani. Kiburi cha huko kusoma ndicho kilichoniponza.

Mwanangu ni mwalimu. Alikuja likizo na vitabu viwili vya mambo haya ya hali ya hewa kubadilika. Kimoja hadithi, kingine cha wataalamu. Hadithi ilikuwa ya ziwa linalokauka, watu wanatembea kwa miguu pale mitumbwi ilipokuwa inaelea, mama mmoja anachimba tope akimtafutia mtoto wake maji. Loh! Nililia mpaka miwani ikaingia ukungu.

Nikawa nakibeba kile cha hadithi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa. Wenzangu wanageuza dagaa, mimi nawasomea.

"Bibi, usinyamaze! Yule mtoto kapata maji?"

Nani asingevimba kichwa?

Na kile cha wataalamu? Nilikuta michoro na maneno makavu kama ugali wa jana. Nikasoma kurasa za mwanzo, nikakifunikia mtungi. Ndiyo, mtungi wa maji!

Wakati ule ziwa letu lilikuwa limerudi nyuma, limeacha mchanga mpana. Nikasimama pale kama mhubiri: "Si mnaona wenyewe? Ziwa linaondoka! Kitabu kimesema. Sogezeni vichanja vya kuanikia, jengeni hata nyumba, maji hayarudi hapa."

Mama Bukuru akanisikia. Mjane, mwanikaji mwenzangu, amechoka kupanga chumba mtaa wa Mwanga. Akaniuliza, "Bibi, una hakika?"

Nikamjibu, "Wewe umesoma nini cha kunishinda mimi?"

Akajenga. Chumba kimoja cha tofali mbichi, jirani na kichanja chake. Siku anahamia nilimpelekea mawese na kuku, nacheka meno yote nje.

Mvua zikaja. Zilinyesha kama zimetumwa. Ziwa likapanda bila kelele, leo kichanja, kesho mlango. Tofali zikalainika, ukuta ukalala chini kama mlevi. Mama Bukuru alitoka na godoro kichwani, akapita mbele yangu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

Nilikwenda nyumbani nikakiondoa kile kitabu juu ya mtungi. Nikakisoma chote, kwa kidole, wiki baada ya wiki. Kumbe imo! Hewa ikizidi joto, mvua nazo huja kwa fujo. Ziwa hushuka na hupanda. Mtu asijenge pale maji yalipowahi kufika. Ilikuwa kurasa chache tu mbele ya pale nilipoishia. Mama yangu wee!

Sasa majirani wananipoza: "Bibi, ni kazi ya Mungu." Nakataa! Mungu hakumwambia Mama Bukuru ajenge mchangani. Nilimwambia mimi.

Wanaume wa mwaloni nao wanatucheka: "Vitabu vimewaponza, rudini kwenye dagaa." Hao nao nawakatalia! Hadithi haikusema uongo. Ilisema habari za ziwa lake, na bila yale machozi nisingelijali letu hata kidogo. Mwongo ni mimi niliyeigeuza kuwa ramani ya Ujiji. Kusoma siachi, na atakayenivua miwani aje na jeshi!

Nilimfuata Mama Bukuru mtaa wa Katubuka, kwa mkwewe alikojihifadhi. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Umeleta hadithi nyingine?"

"Nimeleta kile nilichokidharau. Nimekukosea, mwanangu."

"Nyumba yangu imo humo?"

"Haimo."

Akapepeta, akapepeta. Kisha akanisogezea kigoda kwa mguu. "Soma. Ukiruka ukurasa nakutoa nje, na ubibi wako uuache mlangoni."

Nimesoma. Kila Ijumaa nikimaliza kuanika narudi tena, naye huuliza maswali magumu kuliko mwalimu yeyote. Hajanisamehe, na simharakishi. Bado analala kwa watu kwa ajili ya mdomo wangu.

Basi na wewe uliyesoma kitabu kimoja ukasimama kuwatangazia watu wapi wajenge na wapi wasijenge: funga mdomo, kamalize na cha pili! Anayekuamini hakusikilizi tu. Analala ndani ya maneno yako, yeye na godoro lake.