Kipoyi cha Nyiransabimana

Mwaka ule redio ya Sebahire ilipotangaza kwamba huko Amerika wamemtia mutu pampu mahali pa moyo, kijiji cha Kibati kilibishana juma zima. Sebahire mwenyewe alikuwa mgonjwa wa moyo: miguu imevimba, pumzi fupi kama ya mbuzi aliyemponyoka chui. Wanaume wanane walimlaza kwenye kipoyi, ile machela ya matete na miti miwili, wakambeba mpaka hospitali ya Goma. Hawajamshusha mabegani, enfirmie, muuguzi wa mlangoni, alikwisha kumpa kitanda.

Shemeji yake, mjane Nyiransabimana, alikuwa na ugonjwa uleule. Miguu ilimvimba hata viatu vya marehemu mume wake vikamkataa, na marehemu alikuwa na nyayo kama mitumbwi. Lakini yeye alikwenda hospitali kwa miguu hiyohiyo, kikapu cha viazi mgongoni, akikaa kwenye kila jiwe la volkano kutafuta pumzi. Alikwenda mara mbili. Mara zote mbili enfirmie hakuinuka kitini.

"Citoyenne, umetoka Kibati kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Basi moyo wako ni muzima. Ni uzee tu. Punguza viazi."

Sasa munganga wa moyo aliyetoka Kinshasa alikuwa anaondoka na ndege ya Ijumaa. Alileta dawa za watu sita, na karatasi yake ilikuwa na majina matano, yote ya wanaume. Nyiransabimana alijua kwamba hilo la sita ni lake, ama sivyo maharage yaliyo shambani watayala wengine kwenye matanga yake.

Alhamisi asubuhi alimwita mukamwana wake, mke wa mwanawe, Mukamugema.

"Leta kipoyi."

"Mama, wanaume wote wako shambani."

"Nani ametaja wanaume? Hayo mabega ulipewa ya kutundikia kitenge?"

Wakambeba wanawake sita. Tangu volkano ya Nyiragongo ianze kutoa moshi, jambo hilo lilikuwa halijaonekana. Walikimbia hata vumbi lao likafika mpaka wa Gisenyi, na askari wa forodha wakaliomba karatasi za kuvukia.

Enfirmie aliona kipoyi, akaona kitambaa cha kichwa cha mwanamke. Hakungoja kuona mvi.

"Materinite! Mbio!"

Kwani mwanamke anayebebwa si wa kuzaa? Nani alishawahi kumbeba mwanamke kwa jambo jingine?

"Mimi nina miaka sitini na tatu!" Nyiransabimana alisema, lakini alikuwa amekwisha kuingizwa.

Mkunga, Mama Nshobole, alifunua shuka akamkuta bibi mwenye tumbo lililojaa maji. Akachukua kile kipembe chake cha mti cha kusikilizia watoto tumboni.

"Mama, hii mimba ni ya mwaka gani?"

"Ya mwaka jana, binti yangu. Ila mutoto amepanda juu." Akakishika kipembe kwa mkono wake mwenyewe, akakiweka chini ya titi la kushoto. "Sikiliza huku."

Nshobole akainama akicheka. Kicheko kikakatika. Mle ndani ng'ombe wa Masisi walikuwa wanakanyagana juu ya daraja la mbao.

"Inapiga hivi tangu lini?"

"Tangu kabla sijafukuzwa hapa mara ya kwanza."

Mkunga alitoka na kipembe mkononi, akarudi akimvuta munganga kwa mkono wa koti. Munganga alisikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akabonyeza miguu ile, kidole kikaacha shimo. Kisha akachukua karatasi yake akaandika jina la sita, na kwa urefu wa jina lile kalamu ilikaribia kukauka.

Jioni Sebahire alitoka wodini, akamkuta kwenye baraza ya hospitali, kidonge cha kwanza kimekwisha kumezwa.

"Shemeji, hata wewe? Umesikia ya redio? Wanasema ile pampu ni kubwa, inaenea kifua cha mwanaume tu."

"Kwani waliomba kupima kingine? Waandikie barua, waambie kuna kifua Kibati kinangoja." Akavuta mkeka karibu. "Lakini kwanza sogeza miguu yako. Leo nimebebwa sana, nimechoka."