Maganda ya Kahawa Yalipowaka

Nakumbuka siku moja ya msimu wa kahawa, ndoo tupu ziligongwa bondeni muda mrefu kabla sijamwona mtu. Kisha wanawake wa kijiji cha chini wakatokea kwenye ukungu, mbele yao Bibi Kandida, mkulima mwenye mashimo ya ngoro, yale yanayozungukwa na matuta yaliyofukiwa nyasi, yaliyonyooka kuliko yote huku kwetu Mbinga.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Salamu yako nzuri, maji yako yananuka."

Mwanangu, nilikuwa kijana na majivuno yalinizidi. Soko la kahawa lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wakishindana kwa magari, na kikundi chetu cha wakulima kilikuwa kimeleta mashine ya kumenya kahawa. Mimi ndiye niliyeiendesha. Maganda mekundu niliyasukumia mtoni, yakaoza, na watu wa chini wakakosa maji ya kunywa.

"Shambani unafukia nyasi ndani ya tuta ili udongo ushibe," akasema bibi. "Hilo ulifundishwa ungali mtoto. Leo umepata injini, umesahau kufukia? Mavuno yajayo yakitukuta na maji haya, mashine tutaing'oa kwa mikono yetu."

"Na yeye tumfukie!" mwenzake akadakia, wakacheka wote.

Maneno yale yaliniuma kwa kuwa yalikuwa kweli. Niliuziba mfereji wa mtoni. Nikamtafuta fundi aliyejua mitambo ya gesi ya samadi, tukachimba shimo, tukalijengea matofali na kulifunika kwa saruji. Kwa haraka zangu nikajaza maganda matupu, hakikuwaka kitu. Fundi akaniambia nianze na samadi ya ng'ombe, maganda yafuate kidogo kidogo. Nikaanza upya, nikakoroga kwa mikono, nikanuka hata mbwa wangu akanikwepa.

Mavuno yakafika. Bibi Kandida akapita kwanza mtoni, akaonja maji, kisha akaja jikoni kwangu. Nikafungua bomba la gesi, nikawasha kiberiti. Moto wa buluu ukaruka, mwanangu! Moto wa maganda ya kahawa! Nilipiga kelele kama aliyefunga bao. Na tope lililotoka mtamboni lilikuwa tayari linalisha mibuni.

"Ni ngoro ile ile," akasema bibi, akipuliza chai niliyomchemshia kwa moto ule. "Umeijengea paa tu. Mashine ibaki."

Basi nakuusia: usikiite kitu taka kabla hujakitafutia kazi ya pili. Nchi nazo husonga mbele hivyo, mabaki ya shamba na ya soko yakiwa moto, na tope lake likirudi udongoni. Wala usione haya kuanza upya.

Baraka nikupayo ni ile niliyopewa siku hiyo, bibi alipoinuka kuaga. "Mikono yako isichoke," aliniambia, "na kila ukikoka moto, Mungu akupe cha kuteleka." Akajitanda kanga yake, akatoka, akaufunga mlango.